Anti Araba Turkson, Aliyefundisha Masikio

Baba Mchungaji, wazee wa ukoo wa Anona, Mzee Kobina Turkson pamoja na wanao, majirani wa Essikado, wanafunzi wa Anti mliosafiri kutoka mbali na ninyi mliotembea kwa miguu kutoka mtaa wa pili, ahsanteni kwa kuja, na naomba mnivumilie, maana ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha ya marehemu mbele yenu, mimi Fiifi Dadzie, mtoto wa mdogo wake wa kike, niliyelelewa nyumbani kwake tangu mama yangu mzazi alipofariki nikiwa bado mdogo, na ambaye hadi leo nikisema "mama" ni yeye ninayemtaja.

Marehemu Mama Dorothea Araba Turkson, ambaye mji mzima ulimwita Anti Araba, alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1947, hapa hapa Essikado, Sekondi, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Joseph Sagoe, fundi wa injini katika karakana ya reli, na marehemu Mama Efua Baawa, aliyeoka mikate iliyojulikana mpaka Takoradi, na inasemekana kwamba alichelewa sana kuongea, kiasi cha bibi yake kuingiwa na hofu, mpaka siku moja alipoiga honi ya treni ya Kumasi kwa ufasaha hata watu wawili waliokuwa barazani wakainuka kuchukua mizigo yao.

Alianza masomo katika shule ya msingi ya Wamethodisti mwaka 1953, na akiwa na umri wa miaka kumi alianza kufundishwa kinanda cha upepo, kile cha kukanyagwa kwa miguu, na katekista wa kanisa, Mzee Ocran, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu, hivyo hakuweza kuona vidole vya mwanafunzi wala kitabu kilichokuwa mbele yake, alikaa tu pembeni ameinamisha kichwa, akisikiliza, na mtoto akikosea alikuwa akisema, "Hiyo uliyopiga, imbe," halafu, "Sasa imbe uliyotaka kupiga," na akishaimba zote mbili mtoto mwenyewe alijua tofauti iko wapi, bila kupigwa wala kukaripiwa. Mama alisema mara nyingi kwamba yote aliyoyajua kuhusu kufundisha aliyapata pale, na kwamba chuo cha ualimu huko Cape Coast, alikosoma kuanzia mwaka 1963 hadi 1967, kilimwongezea tu namna ya kushika chaki.

Baada ya kuhitimu alifundisha shule ya msingi Kojokrom, na Jumamosi tarehe 9 Septemba 1972 alifunga ndoa na Bwana Kobina Turkson, wakati huo karani wa stesheni ya Sekondi, ambaye ninyi nyote mnamfahamu na ambaye ameketi hapa mbele, na wale mnaohesabu mmeshaona kwamba jana ndoa hiyo imetimiza miaka hamsini. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ekuwa, aliyezaliwa tarehe 5 Novemba 1975, na Kwamena, aliyezaliwa tarehe 20 Mei 1978, na kwa kuwa Ekuwa mwenyewe ameniruhusu, nitasema kwamba hakujaliwa kuimba hata kidogo, hata wimbo wa taifa anafungua mdomo tu, na mama yake hakumlazimisha kamwe, alimwambia, "Wewe sikia tu, mwanangu, dunia inahitaji wasikilizaji pia."

Mwaka 1979 ofisa mmoja wa reli aliyekuwa akirudi kwao Uingereza aliacha piano kuukuu iliyoliwa na mchwa mguu mmoja, na Mzee Kobina aliisukuma na wenzake juu ya kitoroli cha reli mpaka karibu na nyumba, akaiingiza sebuleni na kuuliza, "Araba, hii nayo inakula nini?" na tarehe 8 Januari 1980 Mama aliacha kazi ya shule akaanza kufundisha muziki nyumbani, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na tisa.

Wale mliopita sebuleni pale mnajua namna yake, lakini kwa ajili ya wageni nieleze kidogo, kwamba mtoto aliyeletwa kwa Anti Araba hakuruhusiwa kugusa piano kwa majuma mengi, aliketishwa dirishani, akaambiwa asikilize, kisha aimbe alichosikia, iwe mlango wa jirani unaolia, iwe mwanamke anayepita akinadi kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kukaanga, iwe honi ya treni wakati treni zilipokuwa bado zinapita, na siku mtoto alipoweza kuimba mlio huo barabara ndipo alipoinuliwa na kuambiwa, "Haya, nenda ukautafute, umo humo ndani." Hakutumia neno "umekosea," alisema tu, "Umesikia?" na sisi tuliokuwa tukila chakula cha mchana chumba cha pili tulijua kwa namna alivyolitamka neno hilo kama mtoto amepatia au hajapatia.

Wazazi hawakupendezwa wote, na nakumbuka mama mmoja wa Ketan, sitamtaja kwa kuwa namwona pale nyuma na ameshaanza kucheka, aliyeingia bila hodi akasema, "Anti, miezi mitatu! Miezi mitatu mtoto hajashika hata kitabu. Nimemleta ajifunze piano, sikumleta awasikilize wauza samaki."

Mama akamjibu, "Dada, asipomsikia muuza samaki anayepiga kelele, piano inayoongea kwa upole ataisikiaje?"

"Kwa Bwana Arkorful watoto wanafanya mtihani wa London kila mwaka."

"Basi mpeleke kwa Bwana Arkorful."

Na wengi walipelekwa, kwa sababu Bwana Theophilus Arkorful, aliyekuwa akifundisha nyumbani kwake nyuma ya kanisa, alikuwa mtu wa kitabu, wa mtihani na wa rula, ukuta wake ulijaa vyeti vya watoto wa watu, na kila Jumapili, wakitoka ibadani, wawili hawa walisalimiana kwa maneno ambayo vijana tuliyangojea kuliko mahubiri, yeye akisema, "Dorothea, nasikia watoto wako sasa wanajua kukaa vizuri sana," na Mama akimjibu, "Na wako, Theophilus, nasikia siku hizi wanaogopa kwa mpangilio, kidole cha kwanza mpaka cha tano." Bwana Arkorful yupo hapa leo, ana miaka themanini na minne, na ameniomba niyasome maneno hayo kama yalivyokuwa.

Mwaka 2004 aliletwa Mansa Eshun, akiwa na umri wa miaka sita, mtoto wa muuza dawa wa barabara ya soko, na katika juma lake la pili dirishani Mansa aliimba mwito wa muuza kenkey, akashuka kitini bila kuambiwa, akaenda kwenye piano, akautafuta mwito ule mpaka akaupata, kisha kwa mkono wa kushoto akaweka chini yake sauti nyingine ambayo hakuna aliyemfundisha, na mwito ule ukawa kama una mtu anayeuitikia. Mama alitoka akaenda jikoni, akasimama mbele ya sufuria za supu bila kuzigusa, na Mzee Kobina alipomuuliza kuna nini alisema, "Kobina, huyu anasikia kuliko mimi," na kwa miaka minne iliyofuata nyumba yetu ilikuwa na furaha ambayo sijaiona tena, wala sidhani nitaiona.

Sasa nifike kwenye ugonjwa, ambao familia iliomba niusimulie wazi, kwa sababu yamesemwa mengi mtaani.

Mwezi Novemba 2008 Mama aliugua homa kali kwa siku kadhaa, akapona, akarudi kufundisha, akasema piano imeharibika, hivyo akaitwa fundi wa piano kutoka Accra, Bwana Lante, akaifungua, akakaza nyuzi zake kwa siku nzima, akaondoka, na kesho yake Mama akasema bado, akaitwa tena, akaja tena, na alipoitwa mara nyingine alikaa mbele ya piano akapiga sauti moja moja kutoka mwanzo hadi mwisho, akafunika, akasema, "Mama, naweza kuja hata kila Jumamosi, lakini piano hii haina kosa."

"Ina kosa. Kila sauti inatoka mbili."

Mzee Kobina akataka kusaidia, akasema, "Araba, hata mimi naisikia iko sawa."

"Wewe, Kobina? Wewe unayeita filimbi ya stesheni muziki?"

Tulicheka wote, fundi akacheka, na Mama mwenyewe alicheka, kisha akaketi, akaziba sikio la kushoto kwa kidole akapiga sauti ya katikati ya piano, akaziba la kulia akapiga ile ile, akarudia tena hivyo hivyo, huku na huku, na sisi tuliosimama pale tulisikia sauti moja isiyobadilika, lakini uso wake ulibadilika, akaondoa mkono, akasema taratibu, "Si piano. Ni mimi."

Madaktari wa Takoradi walimpima, wakampeleka hospitali kubwa ya Accra, na huko walitueleza kwa upole kwamba ndani kabisa ya sikio moja pameumia, hivyo kila mlio humfikia mara mbili, mmoja mahali pake na mwingine chini kidogo, kwamba si ukiziwi, kwamba dawa haipo, na kwamba huenda pakarekebika penyewe, ingawa hapakurekebika. Walimpa kifaa cha kukuza sauti, akakivaa kutwa moja, akakivua, akasema kimekuza ukweli na kimekuza uongo. Tulifanya maombi, tulimpaka mafuta, Kwamena, ambaye ni baharia, alitafuta wataalamu kila bandari meli yake ilipotia nanga, na kila mmoja alisema yale yale kwa lugha yake, na siku moja nikijaribu kumtia moyo nilimkumbusha Mzee Ocran, aliyefundisha bila macho, akasema, "Fiifi, Ocran alipotewa na macho, kinanda hakihitaji macho. Mimi nimebaki na macho. Nifanye nayo nini?"

Hata hivyo aliendelea kufundisha, kwa kuwa hakujua kuishi namna nyingine, mpaka mapema mwaka 2009 mama yake Mansa alipokuja, akakaa, akakataa hata maji, akasema, "Anti, sijui niseme vipi. Mtoto wangu anaimba vibaya. Jumapili kwenye kwaya ya watoto Bwana Arkorful amemsimamisha, akamuuliza nani amemfundisha kushusha sauti hivyo."

"Naye akasema nini?"

"Akasema, ndivyo Anti anavyotaka."

Tuliposikia hivyo ndipo tulipoelewa kwamba Mama alikuwa akimuuliza mtoto "Umesikia?" pale alipokuwa amepatia, na mtoto, ambaye hakuna mlio uliompita, aliisikia sauti ya Anti wake kuwa haikuridhika, akaanza kuisogeza sauti yake mwenyewe kidogo kidogo kutoka mahali pake, akimfuata mwalimu kule alikopotelea, kwa mapenzi tu, bila kumwambia mtu.

Mama hakulia, aliingia ndani akavaa kitambaa chake cha kanisani, akamshika Mansa mkono mchana ule ule, nami nikawafuata nyuma, akapanda ngazi za nyumba ya Bwana Arkorful, ambaye alitoka barazani akiwa bado na leso ya chakula kifuani.

"Dorothea. Umekosea nyumba?"

"Sijakosea. Nimekuletea mtoto."

"Unajua mimi nafundishaje."

"Najua."

"Sina njia nyingine."

"Najua, Theophilus. Usimpige tu."

Bwana Arkorful alimtazama Mama, kisha Mansa, aliyekuwa ameshika gauni la Anti wake kwa mikono yote miwili akisema, "Anti, nitaimba vizuri, Anti, nitaimba unavyotaka," na mzee yule, mbele yetu, aliingia ndani akachukua rula yake akaifungia kabatini, na tunashuhudia leo kwamba neno lake alilitimiza, hakumgusa Mansa hata siku moja, alimfundisha kwa uaminifu wote, kitabu baada ya kitabu, mtihani baada ya mtihani. Wanafunzi wengine waliobaki Mama aliwaaga juma lile, mmoja mmoja, akiwaeleza wazazi wao sababu bila kuficha, na sebule ikafungwa.

Miaka iliyofuata ilikuwa mirefu, wapendwa, na hakuna mengi ya kusimulia. Mzee Kobina aliitoa redio nyumbani, na mwenyewe, mtu aliyezoea kuimba akinyoa ndevu, akanyoa kimya. Kanisani Mama alikaa nje, kwenye benchi la ukutani, akaingia mahubiri yalipoanza na kutoka yalipokwisha, kwa kuwa alisema mkutano ukiimba humjia kama mikutano miwili inayogombana, na wapo waliosema, "Siku hizi Anti anazikimbia nyimbo za Bwana," na wengine wakasema zaidi ya hayo, na yeye aliwasikia, maana maneno aliyasikia vizuri mpaka mwisho.

Mwezi Agosti 2014 Mansa alikuja kumsalimia, akiwa amefaulu mtihani wa juu kabisa, wa kwanza katika jimbo zima, akaleta cheti, na Mama akafurahi kweli, akapika etsew, ugali wetu wa mahindi, na samaki, akafungua sebule mwenyewe, akafuta vumbi, akamwomba apige ule wimbo wa mtihani, naye akaketi karibu sana na kuviangalia vidole, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kuangalia kidole cha mwanafunzi, akavifuata kwa macho huku na huku mpaka vikatulia. Kisha akasema, "Sasa nipigie muuza kenkey."

Mansa akaweka mikono juu ya piano, akangoja, akaiondoa, akasema, "Nota zake ziko wapi, Anti?"

Mama akamshika kichwa akasema, "Hazipo, mwanangu. Njoo ule, chakula kinapoa."

Mansa alipokwisha kuondoka, Mzee Kobina aliuliza kama mtoto alipiga vizuri, na Mama alimjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Unaniuliza mimi?" Jioni ile Bwana Arkorful alipita kumpongeza, akamkuta barazani, wakakaa wazee wawili, naye akasema, "Dorothea, nilimpa nilichokuwa nacho," na Mama akasema, "Chote, Theophilus. Nimeona." Mansa leo ni mwalimu wa muziki Accra, yupo pamoja nasi, na hakuna mtu katika familia hii anayemlaumu yeye, wala Bwana Arkorful, tungekuwa na wa kumlaumu huenda tungepumua.

Tarehe 19 Julai 2022 Mama alipatwa na kiharusi akiwa anamwagilia mboga, akapelekwa hospitali ya Takoradi, akawa hawezi kusema wala kuinua mkono wa kulia, na Mzee Kobina alikaa naye kila siku, na siku moja redio ndogo ya kitanda cha pili ilikuwa ikiimba, Mama akaanza kukunja uso, Mzee akaomba kwa adabu ipunguzwe, lakini mgonjwa mwenye redio alikuwa amelala na hakuna aliyekuwa karibu, hivyo yeye akasimama akamziba mke wake masikio kwa viganja vyake viwili, na mimi nilipofika nilimkuta hivyo, sijui alikuwa amesimama tangu saa ngapi, akaniambia, "Fiifi, zima ile, mimi siwezi kumwachia." Alhamisi tarehe 4 Agosti 2022, saa nne asubuhi, wadi ikiwa imetulia, Mama alifariki dunia.

Juma hili lote ukoo umekaa kujadili jambo moja, nalo ni kama leo tuimbe au tusiimbe, kwa sababu wako wasemao mwanamuziki hazikwi kimya kama mtu asiye na watu, na Ekuwa amesema mama yake aliumizwa na nyimbo miaka yote hii, basi tumwache, na Mama mwenyewe hakutuachia neno lolote, na hakuna tena wa kumuuliza. Hatukupata jibu lililo sawa. Tumekubaliana kwamba kinanda cha kanisa kitafungwa, na tukifika kaburini tutaimba ubeti mmoja, kwa sauti ya chini, na asiyeweza anyamaze.

Ametuachia mume, watoto wawili, wajukuu watano, na wanafunzi ambao sisi hatuwajui wote. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Takoradi na wa Accra, waliotuambia ukweli hata pale ambapo hawakuwa na dawa ya kutupa, Bwana Lante aliyeendelea kuja kumjulia hali Mama bila kuitwa, Baba Mchungaji aliyetoka nje kila Jumapili kumpelekea meza ya Bwana pale kwenye benchi, majirani wa Essikado waliopunguza redio zao bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa zamani wa Kojokrom, Bwana Arkorful, na Mansa.

Mama, tulitaka kukusaidia na hatukujua namna. Pumzika kwa amani, na masikio yako nayo yapumzike.